Reli ya kuingia uwanja wa ndege: tawi, au stesheni ya nje na basi?

Mchora_Ramani: Wakuu, nina mchoro wa awali. Njia kuu ni ya umeme, treni kila dakika 10. Chaguo la kwanza ni tawi la kilomita 3 hadi jengo la abiria. La pili, stesheni ibaki njia kuu, basi limalizie mita 900. Tawi linakatiza mbele ya njia ya kurukia ndege, mita 400 kutoka mwisho wake, juu ya tuta la mita 2. Lipi lina unafuu?

Kamba_na_Timazi: Mkuu, kabla ya gharama unakwama kwenye urefu. Kwa njia kubwa ya ndege kutua kwa ILS (mitambo ya redio inayomwongoza rubani kutua), ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka anga iwe wazi kuanzia mita 60 kutoka mwisho wa njia, kimo kinachoruhusiwa kikipanda mita 1 kila mita 50. Toa 60 kwenye 400, gawa kwa 50: 6.8. Nguzo za waya wa umeme chukulia 7.5, tuta 2, jumla 9.5. Umezidi mita 2.7. Kama ardhi ni tambarare, ama ushushe reli hadi mita 0.7 chini ya usawa wa njia ya ndege (na hapo mvua itakutafuta, weka mitaro na pampu kwenye bajeti mapema), ama usogee hadi mita 535 kutoka mwisho wa njia ya ndege. Hiyo ni bila akiba. Mimi nisingesaini chini ya 600. Uliza pia antena za ILS ziko wapi, maana treni ikipita mbele yake inarudisha mawimbi na kuvuruga mwelekeo anaousoma rubani.

Jukwaa_la_Pili: Urefu ukikaa sawa, bado tawi linagawa treni. Moja uwanjani, moja mbele: kila upande unabaki na dakika 20, na anayewahi ndege atachukua teksi. BART, treni ya mjini ya San Francisco, iliingia uwanjani mwaka 2003 kwa stesheni isiyo na njia ya mbele. Treni haitoki mpaka dereva ahamie kabini ya upande wa pili. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, njia kuu yenyewe inapita chini ya jengo, treni zinasimama na kuendelea. Pindisha njia kuu kama unaweza.

Mchora_Ramani: Haipindiki, makazi yamebana pande zote.

Jukwaa_la_Pili: Basi liwe basi, ila lifuate treni, lisifuate saa: liondoke dakika 3 baada ya milango kufunguka, sakafu iwe chini. Toroli haipandi ngazi za umeme za kawaida, kwa hiyo lifti 2 kila jukwaa, zenye milango pande mbili mtu asigeuze mzigo ndani. Nauli usiibebeshe watalii peke yao. Toronto walianza treni yao ya uwanjani 2015 na nauli ya dola 27.50 za Kanada kwa asiye na kadi ya nauli, viti vikabaki wazi, Machi 2016 wakashusha hadi 12. Abiria wako wa kila siku ni wapakia mizigo, wasafishaji na walinzi, na treni ya kwanza ikitoka saa 12 asubuhi, zamu yao imeshaanza.