Kwa nini Uskoti ilitangulia kuwa na vyuo vikuu vingi?

Muulizaji (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha historia katika skuli ya sekondari, na wanafunzi wangu wameniuliza suali ambalo kitabu chetu hakilijibu. Chuo Kikuu cha St Andrews kilianza mwanzoni mwa karne ya 15, Glasgow kikafuata 1451, King's College ya Aberdeen 1495, Edinburgh 1583, kisha Marischal College, katika mji huo huo wa Aberdeen, 1593. Kwa hivyo Uskoti, nchi ndogo ya baridi na milima, iliingia karne ya 17 ikiwa na vyuo vitano, ilhali England, iliyoizidi mbali kwa watu na mali, ilikuwa na Oxford na Cambridge tu. Ni nini kilichowasukuma? La pili, Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh 1949 akamaliza 1952 na shahada iitwayo MA. Je, hiyo ni shahada ya pili kama tunavyoielewa sisi?

Jibu la kwanza (Mkunazini, Unguja)

Wa alaykumu ssalaam, mwalimu. Kwa upande wa St Andrews, sababu kubwa ni milango iliyofungwa, wala si utajiri. Kabla ya hapo, Mskoti aliyetaka elimu ya juu alivuka mpaka kwenda Oxford au alipanda chombo kwenda Ufaransa, khasa Paris. Vita na England vilivyoanza 1296 viliifanya njia ya kusini kuwa ya mashaka, na mwaka 1378 Kanisa la Magharibi likagawika baina ya mapapa wawili: England ikamfuata wa Roma, Uskoti na Ufaransa zikamfuata wa Avignon. Baadaye Ufaransa ikamwacha huyo wa Avignon, Benedict XIII, huku Waskoti wakiendelea kumshikilia, na wanazuoni wao waliokuwa Paris wakajikuta hawana tena pa kujiegemeza. Masomo yakaanza St Andrews 1410, Askofu Henry Wardlaw akatoa hati yake 1412, na Benedict, ambaye wakati huo alikuwa amejihifadhi katika ngome ya Peñíscola huko Hispania, akakithibitisha chuo mwezi wa Agosti 1413. Papa aliyebakiwa na wafuasi wachache namna ile hangeweza kuwanyima Waskoti jambo kama hilo. Cha ajabu ni kwamba mwaka 1418 wanazuoni wa chuo hicho hicho walikuwa miongoni mwa walioitaka Uskoti imwache.

Jibu la pili (Chake Chake)

Ndugu wa Mkunazini ameeleza vyema, ila maelezo yake yanaishia St Andrews. Hivyo vinne vilivyobaki, kwa maoni yangu, vinaelezwa zaidi na mashindano ya miji na wakubwa wake. Askofu William Turnbull alikitaka chuo kwa Glasgow yake na akakipata kwa Papa Nicholas V. Askofu William Elphinstone, ambaye mwenyewe alisoma Glasgow, akamweleza Papa Alexander VI kwamba watu wa kaskazini wametengwa na milima na hori za bahari na hawajui elimu. Edinburgh haikuwa na askofu, na baada ya mageuzi ya dini ya 1560 Papa hakuwa na neno tena Uskoti. Kwa hiyo chuo chake kikaanzishwa na baraza la mji kwa hati ya Mfalme James VI. Marischal nacho kiliasisiwa na George Keith, mkuu wa Kiprotestanti, karibu kabisa na King's College, na vyuo hivyo viwili havikuunganishwa mpaka 1860.

Muulizaji

Nashukuru sana. Na masomo yenyewe yalikwendaje?

Jibu la pili (Chake Chake)

Kwa muda mrefu mwalimu mmoja alilichukua kundi la vijana tangu siku wanayoingia mpaka wanahitimu, akiwasomesha kila kitu kwa lugha ya Kilatini: mantiki, maadili na elimu ya maumbile. Kwetu mtu alimfuata sheikh kwa fani yake, nahau kwa huyu na fiqhi kwa yule. Wao waliuchelewa utaratibu huo. Edinburgh iliuacha mtindo wa mwalimu mmoja 1708, Glasgow 1727, St Andrews 1747, na King's College iliung'ang'ania mpaka mwishoni mwa karne ya 18. Naamini mageuzi hayo yana uzito kuliko tarehe za kuasisiwa, kwani ndiyo yaliyompa nafasi mtu kama Francis Hutcheson kushughulikia falsafa ya maadili peke yake pale Glasgow, na kusomesha kwa Kiingereza. Adam Smith, yule mwanauchumi mashuhuri, aliingia chuoni hapo 1737, akiwa na umri wa miaka 14, akamsikiliza, na baadaye akakikalia kiti hicho hicho cha uprofesa.

Jibu la tatu (Tunguu, Unguja)

Kuhusu Mwalimu Nyerere: katika vyuo vikongwe vya Uskoti, MA ya sanaa ndiyo shahada ya kwanza, na ndivyo ilivyo hadi leo. Yeye alikwenda akiwa tayari na stashahada ya ualimu ya Makerere, na huko Edinburgh akasoma uchumi wa siasa, historia, falsafa ya maadili, fasihi ya Kiingereza, sheria ya katiba na anthropolojia. Upana huo haukuwa hiari yake peke yake, kwa kuwa desturi ya Waskoti ilikuwa ni kumzuia kijana asijifungie mapema katika somo moja. Kwa hivyo wanaoandika kwamba alirudi na shahada ya uzamili wanakosea, ingawa wanakosea kwa nia njema.