Mjadala: Je, marashi ya jinsia zote yanaeleza tabia ya mwenye kujipulizia?

Shati Jeupe:
Ndugu zangu, naleta suala lililoanza kama utani wa ofisini na sasa linaninyima raha. Wiki iliyopita nilinunua CK One, ile ya Calvin Klein iliyotoka mwaka 1994 katika chupa ya kioo chenye ukungu, yenye kifuniko cha kuzungusha kama kichupa cha pombe cha kutia mfukoni. Muuzaji alinieleza kwamba ni marashi ya jinsia zote, na kwamba anayeyapenda huwa mtu mtulivu, anayejiamini, asiyependa makuu, ingawa akiguswa pabaya huweza kuwa mkali. Nilijiona mle mle. Jumatatu nikaingia ofisini, mwenzangu wa meza ya pili akanusa hewa mara mbili, akauliza mbele ya watu kama leo nimekosea chupa nikachukua ya mke wangu, na tangu siku hiyo naitwa "shemeji". Swali langu ni hili: je, kweli marashi yanaeleza tabia ya mtu, na mwanaume anayechagua yasiyo ya kiume anatangaza nini? Nitangulize kusema kwamba mimi si mnunuzi wa mafuta ya manukato ya kupima ya vichupa vya Kariakoo. Nilinunua chupa kamili, dukani.

Hesabu Kwanza:
Ndugu Shati Jeupe, muuzaji amekupigia ramli nawe ukailipia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake, na walipoombwa kuyapa alama kuanzia sifuri hadi tano kwa jinsi yalivyowagusa, wastani ulipita nne. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. "Mtulivu, ila akiguswa pabaya huwa mkali" ni maelezo yanayomfaa kila Mtanzania aliyewahi kusubiri daladala. Kuhusu jinsia ya harufu, Guerlain wa Ufaransa walitoa Jicky mwaka 1889, ikatumiwa na wanaume na wanawake, kwa hiyo mwaka 1994 jambo hilo lilikuwa limeshazeeka kwa zaidi ya miaka mia.

Mnyalukolo:
Huyo Forer mimi simjui. Namjua baba yangu, ambaye kwa baridi ya Iringa alioga alfajiri kwa sabuni ya kufulia, na hakuna aliyewahi kuhoji tabia yake. Mnisamehe, lakini mambo haya ya wanaume kujadili wananukia nini yametoka Pwani, ambako mume anafukizwa kama kanga za bibi harusi. Mwenye swali nitamjibu kwa ufupi: marashi yasiyojua ni ya nani huvaliwa na mtu asiyejijua ni nani.

Mfukiza Udi:
Bwana Mnyalukolo, sabuni ya kufulia haikumfanya baba yako kuwa mwanaume, na udi haukumpunguzia babu yangu kitu. Kwetu Unguja, Ijumaa asubuhi chetezo huwekwa sakafuni, kipande cha udi kisichozidi ukucha hutiwa juu ya kaa la moto, na kanzu hushikiliwa juu ya moshi mpaka uingie mikononi na shingoni. Nikimaliza mimi, mke wangu hulifukiza buibui lake kwa kaa lile lile. Sijapata kuulizwa kama huo ni udi wa kike au wa kiume. Napoleon, aliyeitetemesha Ulaya, alijimwagia marashi ya koloni chupa kwa chupa. Mwambie naye kwamba hajijui. Na Mtume (s.a.w.) alipenda manukato, wala hakuna mahali alipotenganisha ya wanaume na ya wanawake.

Mnyalukolo:
Napoleon alishindwa vita.

Binti wa Vichupa:
Nilikuwa nasoma tu, lakini kuna neno la mwenye swali lililonichoma, nalo mmelipita kama halikusemwa. Mimi ni mmoja wa hao wa vichupa vya Kariakoo. Mafuta ninayopima hayana spiriti, kwa hiyo hupanda taratibu na kukaa mwilini. Mteja wangu anayejua anachofanya hupakwa tone moja mgongoni mwa mkono, akaenda kununua viazi, akarudi baada ya nusu saa, kwa sababu harufu za ndimu na machungwa ndizo zinazotangulia kuondoka, na itakayobaki ndiyo atakayoishi nayo mchana kutwa. Ndipo ananunua mililita tatu. Wewe ulinusishwa kikaratasi kwa dakika mbili, ukapewa na ramli juu yake, halafu unatudharau sisi. Miski nyeupe hununuliwa kwangu na kijana wa bodaboda na mwalimu wa kike katika saa moja, na sijaona tabia zao zikifanana.

Shati Jeupe:
Dada yangu, sikukusudia dharau. Nilisema vile kwa sababu kichupa changu cha mwisho cha kupima kiliacha doa la njano kwenye kola ya shati, na doa hilo lipo hadi leo.

Binti wa Vichupa:
Mafuta hupakwa mwilini, kaka. Ukiyapaka shati jeupe, kosa linakuwaje la muuzaji?

Hesabu Kwanza:
Tumetoka kwenye tabia tumefika kwenye madoa, ingawa nakiri kwamba doa limetueleza habari za mwenye swali kuliko chupa yake ilivyotueleza.

Mama Vikuba:
Mfukiza Udi, mwanangu, usimalize maneno kwa jambo ulilolisikia nusu. Ipo hadithi ya Mtume katika mkusanyo wa Tirmidhi inayosema kwamba manukato ya wanaume ni yale ambayo harufu yake hudhihiri na rangi yake hufichika, na ya wanawake ni yale ambayo rangi yake hudhihiri na harufu yake hufichika. Kwa hiyo tofauti ipo, na wanavyuoni wameieleza zaidi kwa mwanamke anapotoka nje. Lakini angalieni ilipowekwa, maana haikutaja ua wala mti, imetaja harufu inafika wapi. Sisi Pemba tunatia langilangi kwenye kikuba pamoja na asumini, mkadi na rehani, kikafungwa kifuani mwa mwanamke, na langilangi, ambayo ndugu zetu wa Komoro nao huilima, imo katika marashi ya Chanel No. 5 tangu yalipotoka mwaka 1921. Ua hilo hilo Wazungu hulitia pia katika marashi ya wanaume, na wanaume wao hawaoni haya. Sasa namrudia mwenye swali, maana nyote mmemjibu bila kumuuliza lililo la msingi. Mwanangu, hiyo CK One ni marashi mepesi, na mwenzako ameyasikia kutoka meza ya pili. Unapuliza mara ngapi?

Shati Jeupe:
Shikamoo, Mama. Sikuwa nimefikiria kuhesabu, lakini leo asubuhi nimehesabu kwa ajili yako: nyumbani ni mara saba, na ofisini naongeza nne ifikapo saa nne, kwa sababu wakati huo huwa siisikii tena harufu yake.

Binti wa Vichupa:
Huisikii wewe kwa sababu pua yako imekwisha kuizoea. Pua ya mwenzako haijazoea, na kama ofisi yenu ina kiyoyozi na madirisha yamefungwa, amekuvumilia sana.

Mnyalukolo:
Kumi na moja? Shemeji, hata mimi ningenusa hewa mara mbili.