Naomba ushauri: meza ya mtiki nipake mafuta au vanishi?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya finishingi. Nina meza ya kulia chakula nimeitengeneza mwenyewe kwa mbao ya mtiki, imebaki kupakwa tu, nimepiga msasa namba 80 nikaja 120 nikaishia 180, sasa nimekwama kwenye kuchagua. Moyo wangu uko kwenye mafuta ya kitani (linseed) maana yanaacha mbao ionekane mbao kweli, na ikichubuka unasugua palepale unapaka tena, ila hii meza ni ya kila siku, watoto watamwaga chai na maji humo, na mafuta hayazuii maji kama vanishi. Vanishi ya poliyurethani najua ndio ngumu, lakini ule mng'ao wa kama plastiki siupendi kabisa, bora ile isiyong'aa.

Kingine, mtiki una mafuta yake ya asili, vanishi inaweza ikachelewa kukauka au ikagoma kushika, kwa hiyo nawaza niifute na tina (thinner, ile ya kuyeyushia rangi) kwanza halafu nipake koti ya kwanza fasta. Waliowahi kufanya hivi, inatosha au lazima ipite sandingsila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi? Na kati ya koti na koti mnasugua na namba ngapi?

Halafu jamani mnaotumia mafuta ya kitani, matambara yake msiyarundike, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandazeni nje yakauke.