Fundi fremu kanikatia namba ya Picasso yangu kwa wembe!!!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule fundi fremu, mnamjua wote, yule wa "njoo kesho bosi", kaikata picha yangu ya kuchapwa ya Picasso, yule mchoraji. Kwa wembe na rula.

Kwa wasiojua, Picasso alifariki 1973 bila wosia, mjukuu wake Marina akarithi mzigo wa kazi zake, baadae akaruhusu baadhi zichapwe kwa litho (kuchapa kutoka kwenye jiwe au bati), nakala 500 kwa kila picha, karatasi nzito ya Arches, ile ya Kifaransa ya wasanii. Chini kushoto namba kwa penseli, kulia sahihi ya Marina mwenyewe kwa mkono wake. Hapo pembeni ndo kwenye mali! Patoe hapo una bango la saluni.

Yangu 214/500, yaani nakala namba 214 kati ya 500. Miaka mitatu najinyima, dada kaitoa Ujerumani, kaipakata kwenye ndege kama kichanga.

Leo nafika, fremu ishaning'inia inang'aa, naangalia kushoto hamna, kulia hamna. Namuuliza fundi namba iko wapi, anajibu huku anapuliza chai, "Kaka ile penseli ilikuwa inachafua, na kingo zimechakaa, nikakunyooshea. Hiyo sikuchaji."

HIYO SIKUCHAJI!! Kingo za Arches zinatoka kiwandani na manyoya hivyo hivyo, ndo uzuri wake! Na kipande chenyewe nimekikuta wapi? Kimekunjwa mara nne kimewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe. 214/500 imeshikilia meza! Nimelia mpaka muuza mihogo kaniletea maji.

kiboko_ya_uswazi: Picha iko wapi mkuu? Uzi bila picha umbea.

MamaJunior: Subiri kwanza, miaka mitatu unajinyima kwa karatasi ya kuchapa, na sahihi sio ya Picasso ni ya mjukuu? Fundi hana kosa hapo.

Mleta uzi: Dada usinichefue. Mjukuu ndo mwenye mali, bila sahihi yake hakuna atakayeamini. Chini ya mguu wa meza jamani!! Mara nne!!

msomaji_kimya: Afadhali wewe ulikuwa na uhakika. Mchoraji Dalí alisaini karatasi tupu, 1974 forodha ya Ufaransa wakakamata gari lina karatasi kama 40,000, sahihi ipo mchoro haupo. Mimi ninayo moja nilinunua Nairobi, nikiiangalia usiku usingizi unakata.

babu_wa_stempu: Fundi huyo huyo alinibandikia cheti cha ndoa kwenye ubao kwa gundi ya mbao. Nilipotakiwa kupeleka orijino nimepanda nayo daladala, ubao mzima, konda kanichaji siti mbili.

kiboko_ya_uswazi: 😂😂😂 siti mbili

Mleta uzi: Msihamishe mada! Mnajua maana ya 214 kati ya 500?

MamaJunior: Mafundi wote baba mmoja mama mmoja. Wangu wa cherehani ana kitenge changu tangu Pasaka, kila siku umeme ulikatika. Jumapili nimemuona mkewe kanisani kakivaa.

babu_wa_stempu: Mkewe?? Ukafanyaje?

MamaJunior: Nilimfuata mpaka getini, nikashika bega, nikageuza nikaona mshono. Kamshonea vizuri kuliko alivyowahi kunishonea mimi.

kiboko_ya_uswazi: Hii sasa ndo uzi. Picha mama.