Jukwaa jipya na hoteli pale Mkwakwani: je, hesabu inakubali?

Mwana wa Ngamiani anauliza:

Assalaam alaykum na habari zenu, wana Tanga. Shemeji yangu aishiye Uingereza amenitumia picha za uwanja wa kriketi wa Old Trafford, ulioko Manchester (si ule wa Manchester United, ingawa jina ni moja na viwanja vyenyewe ni majirani). Mwaka 2017 wenye uwanja huo walifungua, ndani ya uzio wao, hoteli ya vyumba 150, na baadhi ya vyumba hivyo vinatazama eneo la kuchezea, kiasi kwamba mgeni anaweza kufuatilia mchezo akiwa amejilaza kitandani. Miaka michache baadaye wakajenga jukwaa jipya na kuongeza vyumba vingine papo hapo. Nilipozitazama picha hizo niliikumbuka Mkwakwani yetu, uwanja wa mpira wa hapa Tanga, ambako sisi wa mzunguko bado tunachomwa na jua la alasiri mpaka kipindi cha pili.

Swali langu ni hili: endapo atapatikana mwekezaji, je, itakuwa busara kuukarabati uwanja wetu kwa mtindo huo, yaani hoteli ijengwe upande mmoja na mapato yake ndiyo yalipie jukwaa lenye paa? Ninauliza kwa uchungu kidogo, kwa sababu mwezi Agosti 2024, baada ya Coastal Union kumaliza ligi katika nafasi ya nne, mechi yake ya nyumbani ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya Bravos do Maquis ya Angola ilichezwa Dar es Salaam, nami nikapanda basi kwenda kuitazama timu yangu ikiwa "nyumbani".

Binti Raskazone anajibu:

Wa alaykum salaam, kaka. Nimekaa mapokezi katika hoteli moja ya hapa mjini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa vyumba tu. Mambo ya nyasi na viti nawaachia wenyewe.

Agosti 2023, Ngao ya Jamii ilipochezwa Mkwakwani kwa timu nne, Yanga, Simba, Azam na Singida Fountain Gate, hatukubakiwa na chumba hata kimoja, na wapo wageni tuliowaelekeza gesti za mbali wakashukuru. Fainali ikapigwa tarehe 13, Simba wakaibeba kwa penalti, na asubuhi iliyofuata mabasi yakaondoka nao wote. Kufikia katikati ya wiki funguo zilikuwa zimerudi kuning'inia ubaoni kama kawaida yake.

Sasa tupige hesabu. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo timu moja hucheza nyumbani mara 15 kwa msimu. Hata tukijidanganya kwamba kila mechi itaijaza hoteli kwa siku mbili, ilhali sote tunajua kwamba umati wa kweli huja na Simba na Yanga, hizo ni siku 30 katika mwaka wenye siku 365. Siku 335 zilizobaki hoteli itaishi kwa mgeni wa kawaida: wa bandarini, wa semina, wa mradi wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima na kuishia Chongoleani. Mgeni huyo akiambiwa achague baina ya upepo wa bahari wa Raskazone na dirisha linalotazama goli tupu, sidhani kama atachukua muda kufikiri. Wageni wa ujenzi wa bomba nao ni wa kupita, kwani kazi ya kujenga ikiisha wanaobaki kuliendesha ni wachache.

Uliyoyaona Manchester yanatokana na kriketi, kaka. Mechi moja ya kimataifa ya mchezo ule inaweza kuchukua siku tano mfululizo, na mshabiki anayetoka mbali hana budi kulala. Ndiyo maana pia mwaka 2020, wakati wa korona, Uingereza na West Indies walichezea Southampton na papo hapo Old Trafford, viwanja ambavyo hoteli zake ziko ndani ya uzio, ili wachezaji wasichangamane na watu. Mpira wetu ni dakika 90, na mshabiki wa Muheza hulala kwake Muheza.

Mgosi wa Chumbageni anajibu:

Naongeza dogo tu. Timu ngeni nazo msizihesabu kuwa wateja. Katika soka letu zipo timu zinazokataa kupita mlango rasmi au kuingia chumba cha kubadilishia nguo kwa kuogopa "mambo", yaani uchawi, na bado tunategemea zikalale usiku kucha chini ya paa la mwenyeji, tena Tanga?

Mzee wa Mabawa anajibu:

Vijana wangu, mmezungumza vizuri, ila hakuna aliyeuliza kiwanja ni cha nani. Mkwakwani ni mali ya CCM, kama ilivyo Kirumba ya Mwanza na Sokoine ya Mbeya. Coastal Union na African Sports ni wapangaji. Hoteli ikijengwa kwenye ardhi ya mwingine, faida itagawanywa baina ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na benki, na klabu itaendelea kulipia uwanja kama zamani, isipokuwa mkataba uandikwe vinginevyo kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mimi ningeanza na karatasi hiyo kabla ya kumwita mchora ramani.

Hata klabu inapokuwa na hoteli yake, haina kinga. Bolton Wanderers walihamia uwanja mpya mwaka 1997, nao una hoteli ndani yake, vyumba vingine vikitazama uwanjani. Mwaka 2019 klabu ilipozidiwa na madeni, hoteli haikuiokoa. Vyote viwili viliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mwaka huohuo.

Coastal ilichukua ubingwa mwaka 1988 bila hoteli wala paa la mzunguko. Sisemi tubaki hivyo. Nasema fedha ikipatikana itangulie kwenye eneo la kuchezea, taa, vyoo vya kina mama na vyumba vya kubadilishia nguo, kwa kuwa hayo ndiyo wakaguzi wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, wanayoyatazama kabla ya kuruhusu mechi. Chini ya jukwaa jipya ziachwe fremu za maduka zinazotazama barabarani. Fremu hulipa kodi kila mwezi, mechi iwepo au isiwepo.

Mwana wa Ngamiani:

Shikamoo mzee, na ahsante dada. Hoja ya siku tano za kriketi sikuwa nimeiwaza kabisa, na nakiri imeniondolea vyumba vyangu 150. Basi naomba nibadilishe ombi: jukwaa lenye paa upande wa mzunguko, fremu chini yake, na ghorofa moja ya hosteli ya timu za vijana, ambazo kwa sasa hulazwa madarasani kila panapokuwa na mashindano. Mama lishe wanaouza pale nje siku za mechi nao watengewe fremu zao tangu kwenye ramani, wasije wakahamishwa na jambo ambalo wamelisubiri pamoja nasi.

Binti Raskazone:

Hosteli hiyo iwe na vitanda vya kutosha timu mbili na jiko lake. Hapo hata mimi nitakuja kukaa mapokezi.