Mrejesho: ile maikrowevu ya nyumbani imenishinda

Mtanikumbuka, ni yule wa maabara ya Kisumu aliyeuliza kama maikrowevu ya jikoni inaweza kuharakisha kuandaa tishu (vipande vya mwili wa mgonjwa vya kuchunguzwa kwa hadubini), maana mashine yetu ya kuziandaa hukesha usiku mzima na stima ikipotea tumekwisha. Mmoja wenu aliniambia nianze na maji, nione kama inapasha sawasawa.

Nikapanga vikombe vitano vya maji baridi, nikawasha dakika moja. Cha pembeni kilitoa mvuke. Cha katikati, uvuguvugu tu. Mbishi mimi, nikaendelea. Nilinunua ini la mbuzi, nikalipasha kwenye maji ya chumvi, kisha likapita hatua za kawaida hadi kwenye nta. (Alkoholi sikuthubutu kuipasha humo. Mvuke wake ukishika moto, mtanisoma gazetini.) Kwenye mikrotomu, mashine ya kukata tishu nyembamba sana, upande mmoja ulikatika vizuri, mwingine ukachanika. Chini ya hadubini, viini vya seli za ukingoni vilikuwa vimesinyaa, vyeusi tititi. Fikiria hiyo ingekuwa bayopsi, kipande kilichotolewa kuchunguzwa, ya titi la mama wa mtu.

Bosi ameelewa: tusubiri bajeti ya maikrowevu iliyotengenezwa kwa ajili ya maabara, yenye kipimajoto ndani na bomba la kuvuta mvuke. Kwa sasa tunakata vipande vyembamba, visizidi milimita 3, na bayopsi ndogondogo zinapita programu fupi ya mashine yetu ileile mchana.

Ile maikrowevu nimeibandika karatasi: SI YA CHAKULA. Jana nimemkuta mtu ameishika na chapati mkononi.