Kionjo cha filamu ya kutisha: picha zake nizipange vipi?

Popo_wa_Darini:
Wakuu, naomba ushauri wa upande wa picha tu. Nina kionjo cha sekunde 75. Kamera ni simu inayoruhusu kuweka ISO (wepesi wa kunasa mwanga) na shata (muda wa kunasa kila fremu) kwa mkono, stendi ipo, taa ni balbu mbili za LED. Mahali ni vyumba viwili na korido, waigizaji wawili, mmoja wao ndiye mzimu. Shoti za majaribio zimejaa chenga, na ukutani kuna mistari myeusi inayopanda na kushuka. Nipige shoti ngapi, giza nilipate vipi, na mzimu nimwonyeshe kiasi gani?

Fundi_Kivuli:
Mistari kwanza, maana hiyo ndiyo rahisi. Umeme wa 50 Hz huzifanya balbu nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, wa 60 Hz mara 120. Shata isipoendana na mpepeso huo, sehemu moja ya fremu inanaswa taa ikiwaka sana na nyingine ikiwa imefifia. Penye 50 Hz funga shata kwenye 1/50 au 1/100, penye 60 Hz weka 1/60 au 1/120. Na usififishe taa kwa swichi, kwa sababu LED nyingi zikififishwa huanza kupepesa kwa kasi nyingine kabisa. Isogeze mbali tu: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mwigizaji unabaki kama robo.

Sasa chenga. Giza la kwenye filamu halipatikani kwa kuzima taa. Simu ikinyimwa mwanga inapandisha ISO, na hapo ndipo chenga zinapozaliwa. Washa taa, ISO isizidi 400 hivi, piga picha iwe angavu kidogo kuliko unavyoitaka, kisha ishushe wakati wa kuhariri. Ukishusha, chenga zinazama gizani. Ukipandisha, zinaibuka zote.

Taa isikae upande wa kamera. Iweke nyuma au ubavuni mwa mwigizaji, lionekane shavu moja na ukingo wa bega, ukuta wa nyuma ubaki hauna kitu. Kabla ya kurekodi funga mwangaza, fokasi na uwiano wa rangi (white balance), la sivyo mtu akipita mlangoni picha itapwita.

Mama_Mhariri:
Idadi ya shoti inatokana na mwendo. Kwa sekunde 75 ningegawa hivi: sekunde 30 za mwanzo shoti za sekunde nne nne (saba au nane), 25 zinazofuata sekunde moja na nusu kila shoti (kama 16), kisha sekunde 10 za vurugu, shoti za fremu 12, yaani nusu sekunde, ukirekodi fremu 24 kwa sekunde (20). Zimebaki 10: mbili nyeusi tupu, nne za jina la filamu, nne za mshtuko wa mwisho. Jumla, pamoja na ile ya mshtuko, ni shoti 44 au 45. Chora kila moja kwenye kikaratasi chake, hata kwa vijiti, na uandike taa inatoka wapi. Zipange sakafuni kwa mfuatano. Zikikaa tatu mfululizo zenye mtu katikati ya fremu kwa ukubwa uleule, badilisha moja.

Maandishi: yasome kwa sauti mara mbili, muda huo ndio wa kuyaacha kwenye skrini. Yawe ya kijivu hafifu. Nyeupe kamili baada ya giza inachoma macho. Na kama utatoa pia toleo la kusimama, kumbuka fremu ya kulala ya 16:9 ikikatwa kuwa 9:16 inabaki chini kidogo ya theluthi ya upana wake. Mzimu aliyesimama pembeni atakuwa amekatwa.

Fundi_Kivuli:
Kuhusu mzimu: asionekane mzima hata mara moja. Kwenye kionjo mtazamaji akishaona uso wenye poda nyeupe, kazi imekwisha. Mpe vipande. Kilicho rahisi kuliko vyote ni miguu chini ya mlango. Unahitaji mwanya wa sentimita moja au mbili. Weka taa sakafuni chumba cha pili, mita tatu nyuma ya mlango, korido iwe giza. Mzimu asimame karibu kabisa na mlango, kamera iwe chini usawa wa mwanya. Vivuli viwili vinaingia, vinatulia, kimoja kinaondoka. Taa ikiwa juu mwanga unaishia kwenye ubao wa mlango na huoni kitu. Mzimu akiwa mbali na mlango vivuli vinatawanyika, hakuna atakayejua ni miguu.

Popo_wa_Darini:
Asante sana wakuu. Shoti moja ya nje, usiku, naweza kuipiga mchana? Na damu je?

Kinyonga77:
Inawezekana. Jua liwe nyuma ya mwigizaji, mbingu isiingie kwenye fremu kabisa, mwangaza ushushe stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), uwiano wa rangi weka kelvini 3200 hadi 3800 ili picha iende kwenye buluu, kisha punguza ukali wa rangi. Usimpe tochi: jua litaimeza, na tochi isiyoangaza ndiyo inayofichua uongo.

Damu: shira ya vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, ipoe, rangi nyekundu ya chakula, kijiko kidogo cha kakao iwe nzito, tone moja la buluu. Inaacha madoa, kwa hiyo shoti yake iwe ya mwisho kwa vazi hilo. Chini ya mwanga wa buluu itaonekana nyeusi kama oili, basi iangazie kwa balbu ya njano.

Mama_Mhariri:
Nyongeza moja. Ukuta unaofifia taratibu kuelekea giza, ukipandishwa mtandaoni, hukatika ngazi ngazi kwa sababu video inabanwa. Ongeza punje hafifu (chenga laini za makusudi) wakati wa kuhariri, toa faili ya 1080p kwa megabiti 20 kwa sekunde au zaidi, ipandishe ikiwa ya faragha, uitazame kwenye simu yenye mwangaza wa nusu. Shoti ambayo hapo huoni chochote, irudishe kwenye meza ya uhariri kabla hujaitangaza.